JIJI NA WAKAZI WAKE: TANGAZO PEKE YAKE SI MAZUNGUMZO



Zamani katika miji ya pwani, mwenye mji alipokuwa na neno la kuwaambia watu wake alimtuma mpiga mbiu. Huyo alichukua pembe yake, akapita mtaa hata mtaa akiipiga, na watu wakatoka milangoni kusikiliza. Hata leo husemwa, "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo." Desturi hiyo ilikuwa njema, maana mji ulikuwa mdogo. Aliyekuwa na swali aliweza kumfuata mpiga mbiu njiani, ama kwenda barazani akauliza uso kwa uso. Neno lilikwenda, na neno lilirudi siku ile ile.

Jiji la Nairobi si mji wa namna hiyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 walihesabiwa watu 4,397,073 ndani ya mipaka yake. Jiji limegawanywa katika wadi 85, na kila wadi humchagua mjumbe mmoja wa kuingia Bunge la Kaunti. Ukigawanya hesabu ile ya watu kwa hesabu ya wadi, utaona kwamba mjumbe mmoja husimama kwa ajili ya watu zaidi ya 51,000. Hata awe na bidii ya namna gani, hawezi kugonga milango yote. Basi yafaa kufikiri: neno la serikali ya jiji lifikeje kwa mkazi, na neno la mkazi lifikeje kwa serikali na kurudi na jibu?

Hilo la pili ndilo gumu. Watu wengi hudhani kwamba mazungumzo kati ya jiji na wakazi wake ni matangazo tu: karatasi iliyobandikwa ukutani, sauti ya redio, gari lenye kipaza sauti, ama ujumbe wa simu. Matangazo yanahitajiwa sana, na jiji lisilotangaza shughuli zake hukosea. Walakini tangazo ni nusu ya safari. Mtu aulizaye asipojibiwa mara ya kwanza, huuliza tena. Asipojibiwa mara ya pili, hunung'unika. Mara ya tatu hunyamaza, na wakubwa hudhani kwamba ameridhika, kumbe ameacha kutumaini. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

MAMBO YALIYOPITA

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Mwaka 1919 ilipewa baraza la manispaa, na mwaka 1950 ikapewa hati ya kuwa jiji. Katika miaka hiyo yote Waafrika walio wengi walijenga jiji hilo, walilifagia, walibeba mizigo yake na kulinda maduka yake usiku, lakini hawakuwa na kura ya kuwachagua waliolitawala. Sauti yao ilipitia katika mabaraza ya ushauri, na ushauri waweza kukubaliwa ama kuwekwa kando. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wa wakazi wake walihamia Shauri Moyo. Nyumba zilikuwa zao, lakini shauri la kuzibomoa halikuwa lao.

Mwaka 1962 Bwana Charles Rubia alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Nairobi. Watu walifurahi, maana sasa walijua mlango wa kubisha. Hata hivyo mlango huo haukukaa wazi siku zote. Mwaka 1983 Serikali iliondoa Baraza la Jiji, na mahali pake ikaweka Tume, ambayo wajumbe wake hawakuchaguliwa na wakazi. Jiji likaendeshwa hivyo hata mwaka 1992. Katika miaka hiyo mkazi aliyeona taka zimerundikana mlangoni pake hakuwa na diwani wa kumwendea, wala hakuwa na kura ya kumwondoa mtu aliyemchelewesha. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mtu anayedhani kwamba kusikilizana ni pambo tu la serikali. Palipokosekana mtu anayepaswa kujibu, swali nalo lilikosa pa kwenda.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadili mambo hayo. Katika kifungu cha 35 imempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Katika kifungu cha 196 imeliagiza kila Bunge la Kaunti kufanya kazi yake waziwazi, mbele ya watu, na kuwawezesha wananchi kushiriki. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013, na ya Nairobi pamoja nazo. Kwa hiyo siku hizi haki imeandikwa. Lililobaki ni kujua namna ya kuitumia, na namna ya maofisa kuitimiza bila ya kinyongo.

MLANGO UPI NI WA JAMBO LIPI

Kizuizi cha kwanza ni kwamba mkazi hajui mlango wa kubisha. Ichukuliwe mfano wa mtu anayekaa katika chumba cha kupanga. Asubuhi huona taa hazina umeme, bomba halina maji, mtaro umeziba, na barabara kuu imekatika. Huenda kwa Chifu, maana ndiye mkubwa anayemjua tangu utoto wake huko mashambani. Chifu humsikiliza kwa adabu, lakini kati ya mambo yale manne hakuna hata moja lililo chini ya amri yake, kwa sababu Chifu ni mtumishi wa Serikali ya Taifa na wala si wa kaunti.

Umeme ni kazi ya Kenya Power. Maji na mabomba ya maji machafu ni kazi ya kampuni ya maji ya jiji, ambayo ni mali ya kaunti. Taka na mitaro ya mitaani ni kazi ya kaunti yenyewe. Barabara nazo zimegawanywa: nyingine ni za kaunti, nyingine zi chini ya mamlaka za barabara za Serikali ya Taifa. Wataalamu wanaujua mgawanyo huu vizuri sana. Mwananchi anayevuka mtaro kwa ubao haujui, na ni haki yake asiujue, maana kodi yake hutoka katika mfuko mmoja.

Mwaka 2020 jambo hili lilizidi kuwa gumu. Kazi kadhaa za kaunti, yaani afya, uchukuzi, ujenzi na mipango, zilikabidhiwa Serikali ya Taifa, nayo ikaziweka chini ya idara mpya iliyoitwa Huduma za Jiji Kuu la Nairobi. Idara hiyo ilifanya kazi hata mwaka 2022. Katika muda huo jiji moja lilikuwa na nyumba mbili, na mkazi mwenye neno alipaswa kwanza kujua neno lake ni la nyumba ipi.

Dawa ya ugonjwa huu si kumfundisha kila mkazi sheria zote. Dawa ni kwamba ofisi ya kwanza itakayopokea neno isimrudishe mtu mikono mitupu. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imefikiri hivyo hivyo. Ofisi ikiombwa habari ambayo haiko kwake, yaweza kuipeleka barua ile kwa ofisi inayohusika katika muda wa siku tano. Karatasi ndiyo isafiri, mtu apumzike. Mama aliyeacha meza yake ya mboga saa tatu asubuhi ili aulize juu ya maji hapaswi kuambiwa saa sita kwamba alikuja ofisi isiyo yake, kisha apoteze na siku ya pili.

TANGAZO LA SIKU SABA

Kizuizi cha pili ni tangazo linalotolewa kwa kutimiza sheria tu, si kwa kutaka lisikiwe. Liko shauri moja lililofika katika mahakama za Kenya ambalo kila ofisa angefaa kulijua. Karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson kilikuwako kijiji cha Mitumba. Mwezi wa Septemba 2011 lilitoka tangazo gazetini likiwataka wakazi wa hapo wahame katika siku saba. Aliyelitoa hakuwa serikali ya jiji, alikuwa mamlaka ya viwanja vya ndege. Lakini funzo lake ni la kila mwenye mamlaka mjini.

Wakazi walikwenda Mahakama Kuu, nayo ikatoa amri ya kuzuia. Hata hivyo mwezi wa Novemba mwaka huo huo kijiji kilibomolewa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wakazi zilikuwa zimevunjwa. Ikaagiza tena kwamba wenye mamlaka waeleze mpango wa Serikali juu ya makao, na waketi na wakazi na watu wengine wanaohusika ili watafute utatuzi pamoja. Shauri likapanda Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2016 iliitengua hukumu hiyo. Likapanda tena hata Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 11 Januari 2021 ilikubali kwamba mahakama zina uwezo wa kutoa amri za namna ile na kusimamia utimizwaji wake.

Hebu itazamwe miaka hiyo. Toka tangazo la Septemba 2011 hata hukumu ya Januari 2021 ni zaidi ya miaka tisa. Kilichoagizwa na Mahakama Kuu mwaka 2013, yaani kuketi na kusemezana, kingaliweza kufanywa kabla ya tangazo kuandikwa. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ile alikuwa kijana mkubwa shauri lilipofika mwisho wa ngazi za mahakama. Jambo ambalo lingalianza barazani lilianzia gazetini, likaishia kwa majaji, na katikati watu walilala nje.

MAMBO YA MUKURU

Haifai kutaja makosa tu bila ya kutaja mema. Upande wa mashariki wa Nairobi, kando ya Mto Ngong na karibu na viwanda, viko vijiji vikubwa vitatu: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Wanakaa humo watu maelfu kwa maelfu, walio wengi katika vyumba vya mabati vya kupanga. Kwa miaka mingi mkazi wa huko alinunua maji kwa mtungi, na kipimo kwa kipimo akalipa zaidi ya mtu mwenye bomba katika mtaa wa matajiri. Hilo lilikuwa neno kubwa, lakini likisemwa kwa mdomo tu lilisikika kama malalamiko ya kila siku.

Wakazi wakaamua kulisema kwa hesabu. Pamoja na Muungano wa Wanavijiji, chama cha watu wa vijiji vya mjini kilichoanzishwa mwaka 1996, na pamoja na wataalamu wa vyuo na wa sheria, walihesabu kaya, wakapima vichochoro, wakaandika bei za maji na za umeme, wakachora ramani. Kisha wakaipelekea serikali ya kaunti. Mwezi wa Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Maana yake, ujenzi mpya usimame kwanza mpaka mpango wa eneo zima ufanywe.

Mpango ule haukufanywa na maofisa peke yao. Zaidi ya mashirika 40 yaligawana kazi: wengine maji, wengine afya, wengine elimu, wengine ardhi. Wakazi nao walipangwa kaya kumi kumi. Kila kumi walikuwa kikundi kimoja, na vikundi vikaunganishwa kuwa vikubwa zaidi, hata neno la mtu mmoja chumbani liweze kupanda ngazi kwa ngazi mpaka meza ya mipango, na neno la meza liweze kushuka kwa njia ile ile. Hapo ndipo hesabu ya watu maelfu ilipoacha kuwa mzigo. Hakuna ofisa awezaye kuongea na kaya laki moja, lakini kila mtu aweza kuongea na majirani zake tisa.

Faida yake ilionekana hasa katika barabara. Wataalamu wangalitaka njia pana kama za mitaa mingine, nyumba nyingi mno zingalivunjwa. Basi wataalamu na wakazi walijadiliana njia ipi ipanuliwe kwa ajili ya magari, na njia ipi iachwe nyembamba kwa miguu. Kila upande ulijifunza. Mkazi alifahamu kwamba gari la zimamoto halipiti katika kichochoro cha hatua mbili. Mtaalamu naye alifahamu kwamba mstari mmoja wa kalamu katika ramani ni vyumba vya watu. Toka mwaka 2020 barabara, hospitali na mabomba vilianza kujengwa huko.

Lakini hadithi ya Mukuru ina upande wa pili, na kuuficha kungekuwa kuwadanganya wasikilizaji. Mwezi wa Oktoba na wa Novemba 2021, katika sehemu ya Mukuru kwa Njenga, nyumba zilibomolewa ili kupisha barabara, na maelfu ya watu walipoteza makao. Wengi walilalamika kwamba hawakupewa muda wa kutosha. Palepale palipokuwa mfano wa kusikilizana, watu walirudi kulala chini ya maturubai. Kujenga imani kulichukua miaka. Kuibomoa kulichukua siku chache. Mazungumzo si sherehe ya kufungua kazi, ifanywe mara moja kisha iishe. Ni kama kibao cha chapati, hutumika leo, kesho na kesho kutwa.

MFANO WA MJI WA MBALI

Mji wa Porto Alegre, kusini mwa Brazil, ulianza mwaka 1989 kuwaita wakazi wake waseme fedha za ujenzi zitumiwe wapi. Mji uligawanywa katika sehemu 16, na kila sehemu ilikuwa na mikutano yake. Mwanzoni mji haukuwa na fedha, na kazi zilizochaguliwa na watu hazikufanywa. Ikawaje? Watu wakapungua mikutanoni. Hesabu ya fedha ya mji iliporekebishwa, na mabomba na barabara walizozitaka zilipoanza kuonekana, watu wakarudi, na kwa wingi zaidi.

Waliweka pia desturi moja nzuri. Kila mwaka, kabla ya kuwauliza watu wanataka nini tena, serikali ya mji ilieleza kwanza ni yapi yaliyotakwa mwaka uliopita, yapi yamefanywa, na yapi hayakufanywa. Ahadi ni deni, na mdeni mwema huanza na deni la zamani kabla ya kukopa jipya. Kama desturi hiyo ingefuatwa katika kila mkutano wa wadi za Nairobi, watu wasingesema tena kwamba wameitwa kuhesabiwa tu.

HAKI YA KUULIZA NA MAJIRA YA KUULIZA

Sasa yafaa kusema wazi njia zilizoko kisheria. Chini ya Sheria ya Kupata Habari, raia aweza kuiandikia ofisi yo yote ya umma barua kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili. Halazimiki kusema sababu ya kutaka habari. Asiyejua kuandika, ofisa anapaswa kumsaidia neno lake liandikwe. Kuleta ombi hakulipiwi. Mtu huweza kutozwa gharama ya nakala tu. Jibu linapaswa kutoka katika siku 21, na likiwa ni jambo la uhai wa mtu ama uhuru wake, katika saa 48. Akikataliwa, aweza kuipelekea Tume ya Haki ya Utawala katika siku 30 ili itazame upya shauri lake. Zaidi ya hayo, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imempa haki ya kulipelekea ombi Bunge la Kaunti.

Tena kuna majira. Mkulima hapandi mahindi wakati wa kuvuna. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka huo hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Waraka wa mwelekeo wa fedha hupelekwa kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio kabla ya mwisho wa Aprili. Kwa hiyo mtu anayekuja mwezi wa Julai kuomba mtaro mpya amekuja siku ya mavuno. Fedha zimekwisha kugawanywa. Wakati wa kupanda mbegu yake ni kabla ya Septemba, na wakati wa kuipalilia ni Februari na Aprili. Wakazi wengi hawajui majira haya, na lawama si yao peke yao. Vitabu vya makadirio ni vinene, na mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza kazi za wadi moja, bei yake na siku ya kumalizika, ikibandikwa sokoni, ingefaa kuliko kitabu kizima kilichofungwa kabatini.

WAJIBU WA PANDE MBILI

Kwa upande wa ofisi, mambo manne yangetosha kuanza. La kwanza, kila neno lipokewalo lipewe nambari, na mwenye neno apewe nambari hiyo. La pili, mikutano ifanywe saa ambazo watu wapo. Mkutano wa Jumanne saa nne asubuhi humkuta kibarua kiwandani, na mama sokoni. Husikiliza wenye nafasi tu. La tatu, ofisa asiogope kusema "hapana", mradi aseme na sababu yake. Mtu mzima huweza kustahimili neno "hapana". Asiloweza kustahimili ni "njoo kesho" ya mwaka mzima. La nne, asemaye kwa niaba ya jiji aseme Kiswahili ambacho bibi kizee na kijana wa mjini wote wataelewa.

Kwa upande wa wakazi, wajibu ni huu: kusema neno lililo wazi. Mtu akiandika, "Serikali haitujali," ofisa hana la kufanya ila kusikitika ama kukasirika. Lakini akiandika, "Mtaro ulio nyuma ya shule ya msingi, karibu na kituo cha mabasi, umeziba tangu Jumatatu; maji machafu yanaingia darasani; sisi wakazi 30 tumetia sahihi," hapo ameandika kazi inayoweza kupewa mtu na kukaguliwa. Aweke nakala na tarehe. Awaulize majirani kabla ya kueneza neno alilolipata katika simu yake, maana uvumi hukimbia kuliko tangazo, nao huleta hasara hata pasipo na sababu. Tena asiende mkutanoni kwa kutarajia nauli. Aendaye kwa nauli hukubali lo lote ili aondoke mapema, na saini yake hutumiwa kuonyesha kwamba watu wameulizwa.

Hayo ndiyo yaliyotakiwa kusemwa. Jiji la watu zaidi ya milioni nne haliwezi kurudi kwa mpiga mbiu na pembe yake, lakini laweza kurudisha kile kilichokuwa chema katika siku zake: neno liende, na neno lirudi. Siku mkazi atakapopokea karatasi yenye nambari yake, imeandikwa, "Kazi hii haiwezekani mwaka huu kwa sababu fedha za wadi zimekwisha, italetwa katika mpango wa Septemba," hatafurahi. Lakini ataitunza karatasi ile, na Septemba ikifika atakwenda nayo mkutanoni, akae kiti cha mbele, na aulize tena. Ofisa naye atajua kwamba swali hilo linakuja, na atakuwa ameandaa jibu.